Mgonjwa wa vumbi aambiwe ugonjwa wake umetoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu watu wanaougua kwa sababu ya kazi walizozifanya, hasa wale wa kutoka Moshi na Arusha waliokwenda kuchimba tanzanite Mererani wakiwa vijana na kurudi nyumbani wakiwa na kifua. Habari ya mapafu yao madaktari wanaweza kuieleza vizuri kuliko mimi, niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu. Ninachotaka kusema ni kwamba mgonjwa wa namna hii huumizwa mara ya pili anaporudi kwake bila yeye wala jamaa zake kuambiwa waziwazi kwamba kilichomfikisha hapo ni kazi. Maelezo hayo yasipotolewa, watu hujitafutia maelezo yao wenyewe, na hayo wanayoyapata humvunja mtu vibaya kuliko kikohozi.

Tanzanite ilifahamika mwaka 1967, na tangu hapo vilima vile vya Mererani, wilayani Simanjiro, ambavyo kiutawala viko Manyara lakini kimaisha viko karibu sana na miji yetu hii miwili, vimewapokea vijana wa kila ukoo wa huku. Mwamba wake una kinywe, yale madini meusi ya penseli, ndiyo maana mwanaapolo, yaani mchimbaji wa huko, hutoka shimoni akiwa mweusi wa kung'aa kuanzia nywele hadi kucha. Weusi ule hutisha macho, lakini hutoka kwa maji na sabuni. Linaloua ni vumbi la silika linalotoka kwenye mwamba unapochorongwa, yaani kutobolewa kwa mashine, na kulipuliwa kwa baruti, chembe ndogo mno ambazo jicho halizioni, ambazo hupita puani na kooni bila kuzuiliwa na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Mwili hujaribu kupambana nazo, na mapambano hayo huacha makovu. Kovu likishajengeka hakuna dawa ya kuliondoa, na linaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuiacha kazi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na haumwambukizi mtu mwingine. Tatizo ni kwamba mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu mazima, kwa hiyo kifua kimoja kinaweza kubeba magonjwa mawili, moja la kuambukiza na lingine lisiloambukiza, na mwenye kifua hicho asijue lipi ni lipi.

Hata katika picha ya eksirei makovu ya vumbi yanaweza kufanana na kifua kikuu. Mtu akihudumiwa mahali ambapo hakuna daktari mzoefu wa mambo haya, na ambapo hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani, anaweza kupewa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6, akazimaliza kwa uaminifu, na bado akawa anahema akipanda ngazi tatu. Anarudi hospitali, anaanzishiwa tena. Sisemi haya ili kuwalaumu madaktari wetu, kwa sababu mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto ambayo ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, na ujuzi wa magonjwa ya kifua upo huku pengine kuliko mahali pengine pengi nchini. Nasema kwa sababu naona kinachotokea mtaani wakati mtu huyo anazunguka kati ya kliniki na kliniki. Jirani anasikia kwamba fulani ameanza dozi tena, na kichwani mwake anafunga hesabu: dozi ya kwanza hakuimaliza, au anakunywa pombe juu ya dawa, au ana ugonjwa ule mwingine ambao watu bado hawautaji kwa sauti.

Yapo na maelezo mabaya zaidi. Wanaoishi huku wanajua kwamba jiwe la Mererani limezungukwa na habari za waganga na kafara. Kijana akipata jiwe zuri na kununua gari, wapo watakaonong'ona kwamba ametoa kitu. Kijana huyo akianza kudhoofika miaka kadhaa baadaye, minong'ono ileile inarudi ikiwa na nguvu mpya, safari hii ikidai kwamba sasa ndiyo analipa. Fikiria mtu aliyechoronga mwamba mkavu kwa miaka mingi, akavuta vumbi kila siku aliyoingia shimoni, halafu anakaa kwenye benchi la kanisa akijua kwamba waliokaa nyuma yake wanaamini amemuuza ndugu yake. Huo ni mzigo ambao hakuna daktari anayeupima, na nimeona watu wakiacha kusali, wakiacha jumuiya, wakiacha hata kwenda msibani, kwa sababu hawana la kujibu. Wenyewe hawajui kwa nini wanaumwa. Watamjibuje mtu?

Mdogo wangu ni mmoja wao, na ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikuwa mchorongaji, yaani yeye ndiye aliyekuwa akishika ile mashine inayopelekewa upepo na kompresa kutoka juu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa karibu na vumbi kuliko yeye. Kila Desemba alipanda nyumbani Kibosho kama watu wote wa huku, akiwa na chochote alichokipata mwaka ule. Alipoanza kuumwa aliendelea kupanda kwa muda. Kwenye sherehe za kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huzungushwa katika kata moja ya kunywea, mtu anakunywa na kumpa wa pembeni yake, na hiyo kata ni zaidi ya kinywaji kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani yumo katika ukoo na nani anaheshimiana na nani. Mwaka mmoja alikuta ametengewa kikombe cha plastiki cha rangi ya bluu, kimetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko. Hakuna aliyesema neno. Alipewa mbege ndani ya kikombe hicho kwa adabu zote, akanywa, akashukuru, na Desemba iliyofuata akasema ana shughuli mjini.

Watu wa ukoo wangu si watu wabaya. Waliogopa kuambukizwa kifua kikuu, na mtu asilaumiwe kwa kuwaogopea watoto wake. Lakini wakati ule mdogo wangu alikuwa amekwisha kumaliza dawa na vipimo vya makohozi vilikuwa safi, na kilichobaki kifuani kilikuwa makovu ya mawe ambayo hayawezi kumwingia mtu kwa njia ya kikombe. Habari hiyo haikuwa imefika nyumbani kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa ameipata. Alikuja kuipata baadaye, kwa daktari mmoja aliyemkalisha chini na kumuuliza kuanzia alipoanza kazi hadi alipoiacha, alifanya kazi mashimo ya namna gani, alikuwa akichoronga kwa maji au kwa ukavu, alijifunga nini puani. Kisha daktari huyo akamwandikia kwa Kiswahili, kwenye karatasi ya kawaida, kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mgodini na kwamba haambukizi. Karatasi hiyo tuliisoma kwenye kikao cha ukoo. Baba mdogo mmoja aliuliza maswali mengi kwa muda mrefu, mengine ya kukera, na mdogo wangu akayajibu yote. Siwezi kusema kwamba mambo yote yalirudi kama zamani, kwa sababu hayakurudi. Ninachoweza kusema ni kwamba alilala usiku ule, na mkewe ndiye aliyeniambia, maana alikuwa hajamwona akilala usiku mzima kwa kipindi kirefu.

Naomba nikae kidogo kwenye suala hili la usingizi, kwa sababu wasomaji wengi hawalijui. Mtu mwenye mapafu yaliyokakamaa hawezi kulala chali, hukaa ameegemea mito au ukuta. Pumzi ikipungua anaingiwa na hofu kwamba anakufa, hofu hiyo humfanya aheme harakaharaka, na kuhema harakaharaka humwongezea kukosa pumzi. Usiku baada ya usiku wa namna hiyo humchosha mtu hadi akili. Anakuwa mkali kwa watoto, anasahau, anakata tamaa, anaacha kula, na hayo yakiendelea yanakuwa sonona, ambayo ni ugonjwa kamili wenye tiba, ingawa huku kwetu tunaiita mawazo na kumwambia mtu ajikaze. Mwenye sonona hukosa kliniki, huacha dawa, na wengi hukimbilia pombe kali kwa sababu ndiyo inayowapa saa chache za kusahau. Kisha jirani anapomwona amelewa, anasema si mlimwona, ndiyo maana haponi. Wapo wanaofika mahali pa kuona kwamba ni afadhali wasiwepo, na yeyote anayesikia mgonjwa akisema maneno ya namna hiyo ampeleke hospitali siku hiyohiyo na asimwache peke yake.

Ndani ya nyumba nako mambo hugeuka. Mwanamume aliyekuwa akileta hela, kwa kupata au kukosa, anabaki nyumbani, na mke anaingia sokoni. Wapo akina mama wengi wa namna hiyo wanaouza mitumba Memorial au ndizi Mbuyuni, wanaoamka kabla ya alfajiri, wanaorudi jioni kupika, kumwogesha mgonjwa na kumkandia mgongo, na ambao hakuna anayewauliza wao wanaendeleaje. Mwanamume anaona aibu kuomba hela ya vocha, na wapo wanaoigeuza aibu hiyo kuwa wivu na ugomvi. Ndoa nyingine huvunjika wakati ambao kila mmoja alikuwa akimhitaji mwenzake zaidi. Na kama kuna shamba la urithi, kihamba ambacho mgonjwa hawezi tena kukilima, ndugu huanza kukitazama angali hai.

Nikiwa mwalimu, nilizijua nyumba hizi kabla ya kuambiwa. Mtoto alianza kuchelewa, kisha mchango wa uji ukaacha kuja, kisha akawa hatumi tena daftari kusainiwa na mzazi. Ukimuuliza anasema baba anaumwa na anatazama chini, na wenzake darasani wanasogeza dawati. Nakumbuka kijana mmoja wa darasa la saba, mwenye akili nzuri ya hesabu, ambaye baba yake alikuwa amerudi na kifua. Nilipomuuliza baada ya mtihani atafanya nini, alinijibu bila kusita kwamba anakwenda Mererani kutafuta hela ya kumtibu baba. Hakuna mtu nyumbani kwao aliyekuwa amemwambia kwamba Mererani ndiko baba yake alikopata ugonjwa huo. Mtoto huyo angekwenda kuvuta vumbi lilelile kwa nia njema kabisa ya kumponya mzazi wake, na nadhani hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi gharama ya kunyamaza.

Si wachimbaji peke yao. Wapo wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Usa River wanaoumwa vichwa na kuwashwa ngozi kwa sababu ya dawa za kuua wadudu, wapo wa viwanda vya kukoboa kahawa wanaokohoa kila msimu, wapo wapagazi wa mlima waliomaliza magoti na migongo wakiwa hawajafika umri wa kuitwa wazee. Hayo yote yanastahili barua zao. Nimeshika la vumbi kwa sababu ndilo ninalolijua kwa karibu.

Sheria tunayo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Mchango hulipwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi chochote, na mafao yake ni mapana kuliko watu wengi wanavyodhani: yapo matibabu, yapo malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, ipo huduma ya utengamao ya kumrudisha mtu katika maisha na kazi, yapo malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, na wategemezi nao wamekumbukwa. Aliyeandika malipo ya mhudumu ndani ya sheria alimwona yule mama wa Memorial, na nampongeza. Lakini mlango wa Mfuko huo ni ajira, na mwanaapolo hana mkataba. Anakula posho ya mwenye mgodi na kusubiri mgao siku jiwe litakapotoka. Jiwe lisipotoka hana mshahara, hana mwajiri anayekubali kuitwa mwajiri, na akiugua hana pa kupeleka karatasi yake hata kama daktari ameiandika vizuri.

Hili linaweza kutengenezwa. Tangu mwaka 2018 machimbo ya Mererani yamezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 ili jiwe lisitoroshwe, na watu hukaguliwa langoni wanapotoka. Jiwe ghafi linapouzwa, Serikali huchukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kazi ngumu ya kuwafikia watu na fedha mahali pamoja imeshafanyika. Naomba upimaji wa kifua uwe wa kawaida mahali pale kama ulivyo ukaguzi wa jiwe, na sehemu ndogo ya makato hayo ielekezwe kwenye fidia ya wale wasio na mkataba, pamoja na familia zao. Afrika Kusini, mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ambayo kampuni za dhahabu ziliingia na wachimbaji wenye silikosisi na kifua kikuu, na wategemezi wa waliokwisha kufa nao wakawamo. Ilichukua miaka mingi ya kesi. Sisi mashimo yetu yako katika eneo moja lenye ukuta, hatuhitaji kusubiri kesi.

Kuhusu akili na moyo wa mgonjwa, napo hatuanzi mwanzo. Shirika la Kazi Duniani liliingiza matatizo ya afya ya akili katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010, na mwaka 2022 likaifanya haki ya mahali pa kazi palipo salama na penye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi. Maafisa ustawi wa jamii tunao katika halmashauri zetu. Ninaomba kila mtu anayegundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi akutanishwe na mmoja wao siku ileile, asiambiwe tu aje kuchukua dawa, na kwa ridhaa yake mke, mume au mzazi aitwe asikie naye. Mazungumzo ya nusu saa ya kueleza nini kinaambukiza na nini hakiambukizi, kwa nini pumzi hukata usiku na mtu afanye nini inapokata, yanaweza kuokoa ndoa na kumrudisha mtoto shuleni. Wachungaji, mapadri na mashehe nao wangetusaidia sana wakilisema jambo la kafara kwa jina lake mbele ya waumini.

Kwa wanaoendelea kuchoronga sasa hivi, na kwa wake zao, nina ombi lisilohitaji bajeti ya mtu. Kuchoronga kwa maji hupunguza vumbi sana, na jambo hilo limejulikana duniani kwa miaka mingi, kwa hiyo mdai mwenye mgodi maji kama mnavyomdai posho. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi. Na mkifika hospitali, karani akiuliza kazi, msijibu mkulima kwa sababu tu ndivyo tulivyozoea kujaza kila fomu. Semeni mmechoronga, mmechoronga wapi, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani, kwa maji au kwa ukavu, na ombeni liandikwe kwenye faili.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi